Daftari la Mchicha

Mwezi wa Mei, kwa ujinga wangu mwenyewe,
nilipanda nyanya nyuma ya nyumba, Al-Khoudh.
Miaka thelathini na moja nilihesabu fedha za watu benki,
sikuwahi kuhesabu jani.
Nikachimba, nikafukia, nikamwagia saa saba mchana
kwa mpira uliolala juani tangu asubuhi.
Nilizichemsha.
Zilikufa zimesimama,
kama watu waliosahau walichotaka kusema.

Muzna akachungulia dirishani:
"Hiyo bustani, bwana, au unapika?"

Nikaandika daftarini, kwa kalamu nyekundu:
mbegu, riali moja na baisa mia mbili;
mbolea, riali tatu;
mpira wa maji, riali sita na nusu.
Nyanya: hakuna.

Rafiqul wa kitalu cha Barka hakunicheka mbele ya uso.
Kwa Kiarabu chake cha kuokoteza na changu cha ofisini
alinifunza mambo mawili: ngoja, na weka kivuli.
"Mwezi huu hata mimi sipandi," akasema. "Mwezi huu nanywa chai."
Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga;
hawakufika huku Julai.
Huku mmea nao unataka kula kivulini.

Basi nikangoja.
Nikakinga maji ya kiyoyozi kwa ndoo,
tone, tone, usiku kucha,
ndoo mbili kila alfajiri,
kitu cha kwanza nilichopata bila risiti.
Nikachanganya samadi ya mbuzi na mchanga
mpaka jirani, Bi Ghaniya,
akaleta chetezo cha ubani
akakiweka juu ya ukuta, akarudi ndani,
hakusema neno.

Oktoba jua likapunguza hasira.
Nikatandaza wavu wa kijani juu ya mabomba mabovu,
nikaanza na vitu vyenye huruma:
figili, kotimiri,
nanaa ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Figili ilitoka siku ya nne.
Nilipiga magoti kuitazama,
goti la kushoto likakataa kuinuka,
tukabaki hapo, mimi na figili,
kama mgonjwa na mgeni wake,
mpaka Muzna akaja kunivuta.

Si kwamba mambo yalinyooka.
Bilingani liliingia wadudu weupe, vumbi lenye miguu.
Kotimiri ilikimbilia maua
kabla sijapata hata kachumbari moja.
Na ndege, wale wenye mashavu meupe,
walidonoa pilipili zote, moja baada ya moja.
Pilipili ya shamba yakuwashiani?
Iliniwasha mimi, mwenye shamba.
Wao walikula, wakaimba.

Kisha shemeji akaja kutoka Wete
na bahasha ya vidonge vya hospitali.
Ndani, mbegu nyeusi, ndogo kuliko nukta.
Mchicha.
Niliumwaga bila mstari, bila kupima,
nikapitisha kiganja juu yake kama anayefuta meza.
Sikuamini kitu kidogo namna ile.
Siku ya sita ardhi ilikuwa na upele mwekundu.
Wiki ya tano nilikuwa sioni mchanga.

Muzna aliuchuma mwenyewe, kwa khanga iliyochakaa,
akauunga kwa nazi ya kopo.
Tulikula kimya.
"Una mchanga," akasema,
akajipakulia tena.

Usiku nikafungua daftari.
Mchicha, kitita kimoja.
Sokoni: baisa mia mbili.
Hapa, nikijumlisha wavu, samadi, na nyanya marehemu,
riali kumi na nne na ushei.
Benki ningemwita mteja kama huyu kando
nimpe kiti na maji ya kunywa.

Kesho kuna miche sita ya bamia
na wavu umechanika upande wa kibla.
Nimetafuta kalamu nyekundu nyumba nzima.
Anayo Muzna, yuko nje na tochi,
anaandika majina kwenye vijiti vya aiskrimu,
na bamia ameikosea herufi.